Tone la Zambarau

Lempi Halmesmäki alikuwa ameketi kwenye benchi la korido tangu kituo kilipofunguliwa. Mapajani alishika chupa ya kahawa, na juu ya chupa alikuwa ameweka andazi la iliki lililofungwa ndani ya kitambaa cha mezani, kile kile kilichokuwa mezani siku mumewe alipokufa. Irja Suvanto alikitambua kwa doa la matunda pembeni. Alikiona Jumanne, alipokwenda kumwambia mama huyu kuwa ni mjane.

"Inspekta, andazi hili mpe Ilpo," Lempi akasema. "Hajala tangu juzi. Mimi namjua, akiudhika hali."

"Nitampa, mama."

"Wananiambia kesho saa tatu asubuhi anapelekwa kwa hakimu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Lempi akatazama theluji chafu iliyokuwa ikiyeyuka kutoka kwenye viatu vyake. "Mume nimeshampoteza. Sasa mnachukua na mtoto. Mtaniachia nini, paka?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa amekwisha kulia yote, sasa alikuwa anauliza tu. "Tauno wa bendi ya marehemu peke yake ndiye anayenikumbuka. Jana kaniletea kuni, kazipanga mwenyewe hadi dirishani."

Irja akachukua andazi, akapita.

Ndani, mkubwa wake Reino Vuoksela alikuwa amesimama dirishani na kikombe, tumbo limetangulia. Alikuwa mtu mwema kwa siku nyingine, lakini hakupenda jalada likae mezani kwake zaidi ya juma.

"Usianze, Irja," akasema kabla hajageuka.

"Sijasema kitu."

"Umeingia na andazi. Ukiingia na andazi najua kuna 'lakini' ndani yake. Haya, sikiliza. Veikko Halmesmäki, umri miaka sitini na moja, mpiga gitaa. Amekutwa amekufa katika chumba cha mazoezi, pale kiwanda cha zamani cha maziwa. Amplifaya yake ya gitaa iko wazi juu ya meza, plagi iko ukutani. Ana alama za umeme mikono yote miwili na jeraha kwenye paji. Jirani amesikia akigombana na mtoto wake wa kambo, amemwona kijana akitoka saa saba na nusu, uso mwekundu kama bitiruti. Na kijana mwenyewe amekubali kwamba alimsukuma. Unataka nini zaidi, nikuletee picha ya ukutani?"

"Amekubali alimsukuma mlangoni. Si juu ya meza."

"Wote husukuma mlangoni, wakifika hapa."

Irja akakaa, akafungua tena ripoti ya daktari. Alikuwa ameisoma mara nne. Alikuwa mtu wa kusoma pole pole, kidole kikifuata mstari, na vijana wa kituoni walimcheka kwa hilo. Mambo matatu yalikuwa yameandikwa. Kwanza, jeraha la paji lilitokana na kuanguka kwenye kona ya meza. Pili, kiganja cha kulia kilikuwa na vipande vyembamba vya kioo, na vipande vingine vilikuwa chini ya kifua chake, vimelaliwa. Tatu, Veikko hakufa palepale. Moyo ulivurugika, lakini aliendelea kuvuta pumzi kwa muda, robo saa, labda zaidi.

"Hiki kioo ni cha nini?" Irja akauliza.

"Cha valvu, zile chupa za umeme zilizo ndani ya amplifaya za kizamani. Alikuwa anabadilisha. Akaanguka, ikavunjika."

"Valvu ipi? Ya zamani au mpya?"

Vuoksela akameza kahawa. "Irja, dada yangu. Valvu ni valvu."

"Basi nipe leo tu. Hadi jioni."

"Hadi saa kumi na mbili. Ikifika hapo natia sahihi."

Ilpo alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha mahabusu, miguu imepita ukingo kwa urefu. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Alipoona kitambaa akakaa, lakini andazi hakuligusa.

"Mama yuko nje?"

"Yuko nje. Kula, nitamwambia umekula. Niambie tena ya Jumanne, pole pole."

"Nimeshasema mara sita."

"Basi hii ya saba itakuwa nyepesi."

Kijana akapumua. "Nilimwambia naenda Sweden, kuna kazi kiwanda cha magari. Akaniita msaliti. Akasema mama atabaki na nani. Nikamwambia atabaki na wewe, mzee, kama utaacha kulala na hilo ligitaa. Akanishika mkono pale mlangoni, nikamsukuma. Kidogo tu. Nikapanda baiskeli."

"Meza ilikuwaje?"

"Ilikuwa na kahawa. Na amplifaya, imefunikwa na lile koti lake la mvua."

"Haikuwa wazi?"

"Hapana. Kulikuwa na vikasha viwili vipya, vya kadibodi. Aliniambia hata nisivikaribie, kana kwamba ni mayai." Akaegemea ukuta. "Mimi mambo hayo sijui. Nikibadilisha balbu ya chooni mama husimama chini anashika ngazi."

Kadi yake ya kazini ilikuwa ndani ya jalada. Mashine ya kiwandani ilikuwa imeipiga muhuri saa nane kasoro dakika nane. Kutoka kiwanda cha maziwa hadi kiwanda cha mbao, kwa baiskeli, katika theluji iliyolowa, ni dakika ishirini ukikazana.

* * *

Duka la Hellevi Orama lilikuwa nyuma ya soko, ngazi tatu chini ya barabara. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa ameunganisha redio kiwandani, na kiwanda kilipofungwa akafungua duka la vipuri. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, mgongo umepinda, miwani miwili shingoni. Irja akaitua amplifaya juu ya kaunta huku akihema. Alikuwa ameibeba mwenyewe kutoka garini, ikiwa na lakiri ya polisi, uzito wake kama ndama.

"Kumbe ndiyo hii," Hellevi akasema. Akaiwekea mkono mgongoni, kama mtu anayempa pole mfiwa. "Jumanne saa sita na robo alisimama hapo hapo ulipo wewe. Alitaka valvu mbili kubwa. Nikampimia kumi na mbili ndipo nikapata mbili zinazolingana."

"Lazima zilingane?"

"Hufanya kazi pamoja, moja inasukuma, nyingine inavuta. Ukiweka moja mpya na moja kuukuu, ni kama kumfunga farasi na mbuzi kwenye mkokoteni mmoja. Zinanunuliwa jozi, zinatolewa jozi." Akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza. "Mnasema Veikko alikuwa anazibadilisha mwenyewe?"

"Ndivyo tunavyosema."

Hellevi akacheka bila furaha. "Veikko! Huyo alikuwa na gitaa lake, basi. Akipanga nyuzi malaika wanashuka, lakini bisibisi hakujua inashikwa upande gani."

Irja akaweka mezani mfuko wa vielelezo. Vilikuwamo vikasha viwili vya kadibodi vilivyokutwa pale chumbani. Kimoja kilikuwa kitupu. Ndani ya cha pili kulikuwa na valvu nzima, imeviringishwa kwa gazeti, kioo kimeingia weusi juu.

"Hii ya zamani," Hellevi akasema palepale. "Wapigaji wote hufanya hivi, ya zamani huingia kwenye kasha la mpya, inawekwa akiba. Haitupwi. Mwenzake iko wapi?"

"Imevunjika. Vipande vyake vilikuwa chini ya Veikko. Na mkononi mwake."

Bibi akainama juu ya amplifaya, akawasha taa ya shingo ndefu, akatazama ndani muda mrefu. Irja aliona kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa umeingia ndani ya mfuko wa aproni, na haukutoka.

"Mkono unauma, mama?"

"Hauumi. Ndivyo tulivyofundishwa. Mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni. Umeme ukikukamata mkono mmoja unakuunguza kidole. Ukikukamata yote miwili unapita kifuani." Akagusa kioo cha valvu zilizokuwa ndani. "Hizi ndizo nilizomuuzia. Alama ya penseli yangu hii hapa chini. Nani kaziweka?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

"Basi ngoja tuzipime." Akachomeka plagi, akabonyeza swichi ya kwanza, kisha ya pili. Ndani ya zile chupa mbili pakaanza kuonekana wekundu, mdogo kama ncha ya sigara, ukakua. Hellevi akaunganisha waya za mita, akavuta kiti. "Sasa tunakaa. Dakika ishirini."

"Zote hizo?"

"Zikiwa baridi zinadanganya. Lazima zipate joto hadi ndani. Ukipima mapema, kesho zinachemka zinajiua. Fundi yeyote anajua. Dakika ishirini, hupunguzi."

Wakakaa. Hellevi akamimina kahawa, akaleta biskuti za tangawizi katika kopo la bati. Akaeleza juu ya nyonga yake na daktari aliyeitazama kama mtu anayenunua baiskeli kuukuu. Mteja akaingia, akataka betri ya saa, akachagua, akabadilisha mawazo, akachagua nyingine, akaaga. Irja akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika tisa. Akala biskuti ya pili. Nje lori la kumwaga chumvi kwenye barafu likapita barabarani. Hellevi akaanza kuhadithia harusi ya mpwa wake, akaimaliza. Irja akatazama tena saa.

"Ni ndefu," akasema.

"Ni ndefu ukiwa huna la kufanya."

Muda ulipotimia, Hellevi akasogeza mita chini ya taa. "Thelathini na tano kushoto. Thelathini na tano kulia." Akaitazama mara ya pili, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii ni kazi safi."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mtu amezirekebisha. Kila jozi ina tamaa yake ya umeme, kwa hiyo kuna skrubu ndogo hapa, unaigeuza hadi mita ikae sawa. Subiri nikuonyeshe." Akazima, akangoja, akatoa jozi mpya kwa kitambaa, akachukua ile valvu kuukuu kutoka ndani ya gazeti na kuitia mahali pa mojawapo, akasubiri tena. Sindano ikapanda, ikachoka njiani. "Kumi na tisa. Umeona? Skrubu hii haikurekebishwa kwa ajili ya za zamani. Imerekebishwa kwa hizi nilizouza Jumanne."

Irja akaandika, kidole kikifuata mstari wake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa haraka kidogo kuliko kawaida.

"Mama Hellevi, nisahihishe nikikosea. Veikko ameanguka akiwa na valvu ya zamani mkononi. Kwa hiyo alipoanguka, mpya zilikuwa bado kwenye vikasha."

"Haiwezi kuwa vinginevyo."

"Lakini mpya zimeingizwa, zimepashwa moto dakika ishirini, zimerekebishwa."

Hellevi akavua miwani moja. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Na yeye amelala pale?"

"Skrubu yenyewe iko wapi? Nionyeshe."

Ilikuwa ndogo kama chembe ya mtama, nyuma kabisa, katikati ya waya. Juu yake palikuwa na tone nene lenye rangi ya zambarau, linang'aa.

"Rangi ya kucha," Hellevi akasema. "Mafundi huitia wakishamaliza, ili skrubu isitembee kwa mtikisiko wa muziki. Ndiyo sahihi yao kwamba kazi imefungwa." Akaligusa kwa ncha ya sindano. Juu palikuwa pagumu, ndani sindano ikazama. "Ya siku mbili hivi. Chini yake kuna nyingine ya zamani, imepasuka, rangi hiyo hiyo."

"Wewe hutumia rangi gani?"

"Nyekundu. Mimi ni mwanamke wa kizamani. Zambarau simjui mwenyewe. Wananunua kwangu, hawanionyeshi kucha."

* * *

Kiwanda cha maziwa kilikuwa baridi kuliko nje. Chumba cha mazoezi kilikuwa na vigae vyeupe hadi juu, na bado kilinuka maziwa yaliyochacha, miaka kumi na tano baada ya ng'ombe wa mwisho. Irja akasimama pale mlangoni na picha ya polisi mkononi, akalinganisha kitu kimoja kimoja. Meza. Kiti. Tangazo la dansi ya Ijumaa katika jumba la kando ya ziwa, jina la bendi kwa herufi za mkono. Amplifaya ya besi ya Tauno Pihlava ilikuwa pembeni, jinsi ilivyokuwa Jumanne.

Tauno ndiye aliyemkuta maiti. Ndivyo alivyoeleza. Alifika saa nane na dakika arobaini, akamkuta Veikko sakafuni, akakimbia hadi kioski ng'ambo ya barabara kupiga simu. Miaka thelathini na moja alikuwa amepiga besi nyuma ya Veikko. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ulezi wa majengo ya shule, naye ndiye aliyetengeneza kila kitu chenye waya katika mji wa Kaislaranta.

Irja akapiga magoti nyuma ya amplifaya ya besi. Akafungua skrubu nne za kifuniko kwa sarafu, maana bisibisi hakuwa nayo. Akamulika kwa tochi.

Tone la zambarau.

Hakuinuka mara moja. Magoti yalikuwa yanauma kwa baridi ya vigae, na akiwa chini hivyo ndipo alipoona ukuta kama anavyouona mtu anayetaka kuchomoa plagi. Soketi zilikuwa mbili, ziko chini, jirani. Waya za amplifaya zote mbili zilikuwa za kijivu, unene mmoja, zimepita pamoja chini ya zulia. Katika picha ya Jumanne, plagi ya gitaa ilikuwa ndani. Ya besi ilikuwa nje, imelala juu ya zulia. Na sasa bado ilikuwa imelala vile vile.

* * *

Ilikuwa Alhamisi, siku ya njegere, na shule nzima ilinuka supu yake. Tauno alikuwa chini, katika chumba cha boila, anakaza mpini wa koleo la theluji. Alikuwa mwembamba, mrefu, na vidole vya mtu mwingine, vinene, vyenye subira. Alipomwona Irja akafuta kiti kwa kofia yake.

"Karibu, Inspekta. Supu umepata? Leo wapishi wametia nyama, muujiza."

"Nimeshiba biskuti za Hellevi."

Mikono ya Tauno ikasita juu ya mpini, ikaendelea. "Hajambo bibi?"

"Hajambo. Kasifu kazi yako."

"Kazi ipi?"

Kwenye rafu, kati ya bisibisi zilizopangwa kwa urefu, kulikuwa na kichupa kidogo chenye kifuniko cheusi. Akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga.

"Cha binti yangu," Tauno akasema. "Alikiacha alipoolewa. Rangi nzuri kuitupa."

"Jumanne ulifika pale saa ngapi?"

"Nimeshawaambia. Saa nane na arobaini."

"Tauno." Irja akakaa kwenye kile kiti. "Kijana wa Lempi yuko mahabusu. Kesho saa tatu anasimama mbele ya hakimu. Watasema alimsukuma Veikko kwenye umeme. Lempi yuko koridoni na chupa ya kahawa. Anaulizwa kama anataka kwenda nyumbani, anasema kuni zipo, Tauno kampangia."

Boila ikanguruma, ikanyamaza.

"Veikko kaanguka na valvu ya zamani mkononi," Irja akaendelea. "Mpya ziko ndani, zimerekebishwa, na skrubu imefungwa kwa hii hapa, juu ya ile uliyotia wewe mwanzo. Ilpo alitoka saa saba na nusu na amplifaya bado iko chini ya koti la mvua. Kadi yake imepigwa muhuri kiwandani kabla ya saa nane. Nataka kusikia kutoka kwako. Nikikusomea mimi itakuwa mbaya zaidi."

Tauno akaegemeza koleo ukutani, akahakikisha halitaanguka.

"Nilifika baada ya Ilpo," akasema. "Veikko alikuwa amekasirika, hatulii. Nikamwambia kaa nifanye kazi yangu. Nikaitoa amplifaya ndani ya kasha lake, nikaigeuza. Akasema nipishe, valvu nitatoa mwenyewe leo, mikono yangu inataka kitu cha kuvuta. Akaniuliza, umechomoa? Nikasema nimechomoa." Akaangalia vidole vyake. "Nilichomoa ya kwangu."

"Ya besi."

"Swichi ilikuwa imezimwa. Kila kitu kilikuwa cheusi, kimepoa. Lakini umeme unafika hadi kwenye swichi, unangoja. Yeye kashika valvu kwa mkono wa kulia, mkono umelalia chuma, wa kushoto ukateleza ndani, ukagusa swichi. Miaka yote namwambia, mkono mmoja mfukoni. Yeye mpiga gitaa, hajui kufanya kitu kwa mkono mmoja."

"Ukafanya nini?"

"Nikang'oa plagi. Alikuwa ameshaanguka."

"Na simu?"

Tauno akageukia boila.

"Kioski kiko hatua arobaini, Tauno. Nimezihesabu. Gari la wagonjwa linatoka kituo cha zimamoto, dakika tano."

"Cheti changu cha umeme," Tauno akasema kwa sauti ndogo. "Shule hii ina watoto mia tatu, na waya zote nimevuta mimi. Mwaka juzi mpishi mmoja alipigwa na umeme wa jiko, sikuwa na kosa, lakini walisema safari nyingine... Nikasema, ngoja nifikiri. Ngoja kidogo tu nifikiri."

"Lakini ungeacha kila kitu kama kilivyo! Kioo chini yake, valvu mpya kwenye vikasha. Ningeandika ajali, mtu peke yake kajaribu kazi asiyoijua. Ningekwenda nyumbani. Kwa nini uliimalizia?"

Akamtazama kama hakulielewa swali.

"Ijumaa hii tulikuwa tupige dansi," akasema. "Ilikuwa wazi. Kitu kikiwa wazi mimi siwezi... Mikono ilianza yenyewe. Nilikuwa nafikiri, na mikono inafanya. Nikafagia vipande vilivyokuwa mezani, nikafunga ile nzima kwenye gazeti. Nikazitia mpya."

"Ukazipasha moto."

"Lazima zipate moto."

"Muda gani?"

Tauno alifungua mdomo, na Irja akaona lile jibu likifika usoni mwake kabla ya kufika ulimini, jibu ambalo huenda hakuwahi kulitamka hata kichwani.

"Daktari anasema hakufa palepale," Irja akasema.

"Alikuwa anakoroma." Tauno akashika mpini wa koleo, akauachia. "Nilidhani... Ndani ya basi, tukirudi kutoka kwenye dansi, hukoroma vile vile. Miaka thelathini na moja. Nilikuwa natazama mita na nasikia anakoroma, nikajiambia bado yupo, bado kuna muda. Halafu nikatia rangi. Nikaipuliza ikauke. Ndipo nikasikia kuko kimya."

Juu yao miguu ya watoto ikapita kwenda kwenye chumba cha chakula, mingi, kama mvua ya mawe.

Irja akafunga daftari. Alisimama, akachukua koti la Tauno msumarini, akampa. Tauno akaingiza mkono mmoja, akabaki hivyo.

"Hellevi aliipima?" akauliza.

"Aliipima."

"Ilisema ngapi?"

Irja alifikiri kunyamaza. "Thelathini na tano kushoto. Thelathini na tano kulia."

Tauno akaitikia kwa kichwa pole pole, kama fundi anayekabidhi kazi iliyonyooka. Kisha kichwa kikasimama, na uso wote ukafuata, ukaanguka.

* * *

Kutoka ofisi ya mwalimu mkuu Irja alipiga simu. Vuoksela alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa limetokea mwaka huo. "Kijana nitamfungulia mwenyewe," akasema. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro robo.

Walipofika kituoni, Ilpo alikuwa tayari kwenye benchi kando ya mama yake, anakula andazi kwa mikono miwili, makombo yote kifuani. Lempi alikuwa amemshika mkono wa sweta, kitambaa cha sweta tu, kama anayeogopa kumuumiza. Akainua macho, akamwona Irja. Nyuma ya Irja akamwona mtu mrefu, kofia mkononi.

"Tauno!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sauti yake ikawa na uhai. "Na wewe umekuja. Wamemwachia, unaona? Wamemwachia! Njoo ukae, ndugu yangu, usisimame hapo kama mgeni. Sogea, Ilpo."

Kijana akasogea. Lempi akafungua chupa, akamimina kahawa iliyobaki kwenye kifuniko, mvuke ukapanda kidogo, akakinyoosha kwa mikono yote miwili.

Hakuna aliyekipokea. Tauno alitazama kile kifuniko, kisha akageuka kumtazama Irja.

"Mwambie wewe," Irja akasema. "Mimi nitasimama hapa."

Lempi alikuwa bado amenyoosha mikono, anatabasamu, anangoja.